Eti "Haijajaribiwa"

Kuna neno moja ambalo likipigwa marufuku leo kwenye matangazo ya konsoli (mashine za kuchezea gemu) za mtumba, usiku nitalala usingizi wa pono. Neno lenyewe ni "haijajaribiwa". Mnalijua. Nyote mnaosoma hapa mmeshakutana nalo, na nusu yenu limeshawala hela.

Wiki iliyopita limekula zangu. Tena.

Ilikuwa Dreamcast, konsoli ya Sega. Picha tatu, mwanga mzuri, kitambaa cheupe kimetandikwa chini yake kama vile inaozeshwa. Maelezo mafupi: "Dreamcast safi kabisa. Haijajaribiwa, sina waya wa umeme." Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hii ilikuwa imejitembeza hadi na kitambaa. Nilijua. Nataka mwelewe kwamba nilijua. Nikamwandikia:

"Kaka, waya wake ni ule wa kawaida tu, wenye kichwa cha namba nane. Huna hata redio hapo ndani uuchomoe?"

"Sina bosi. Ila nakuhakikishia ni nzima."

Soma hayo majibu taratibu. Mtu hajakijaribu kitu, na anakihakikisha. Mimi, mtu mzima mwenye akili zangu, nikasoma sentensi hiyo, nikacheka peke yangu, kisha nikalipa.

Ikafika. Nikachomeka waya, ambao bila shaka ninao kama sita. Ikawaka. Feni ikaunguruma, kile kizingo cha nembo yake kikajichora kwenye skrini, nami nikaanza kumwomba muuzaji msamaha kimoyomoyo. Halafu ikaja ile skrini ya kupanga tarehe: 27 Novemba 1998. Hapo sawa, betri ya saa imekufa, zote ndivyo zilivyo siku hizi, na ikifa mashine inarudi siku ile ile ilipoingia sokoni Japani. Nikabonyeza kitufe nipite. Haikupita. Nikahamisha pedi, yaani kile kidhibiti cha kuchezea, tundu la pili, la tatu, la nne. Wapi. Mashine imekaa pale inaniuliza leo ni tarehe ngapi, mimi najua jibu, na sina njia ya kuliingiza.

Nikachukua bisibisi. Aliyewahi kuifungua Dreamcast anajua kwamba skrubu tatu zinaonekana na ya nne inajificha chini ya modemu, kile kipande chake cha intaneti. Mgeni humaliza robo saa akivuta kifuniko na kushangaa kwa nini hakiachii. Zile tatu zilikuwepo. Ya nne haikuwepo. Yaani kuna mtu aliyeijua mashine hii vya kutosha kuchomoa modemu, akatoa skrubu, akaingia ndani, na wakati wa kufunga akaona hiyo moja ya nini. Ndani, kwenye ubao wa pedi, ile fyuzi iliyoandikwa F1, ambayo kila fundi wa Dreamcast huanza nayo pedi zikigoma, ilikuwa imerukwa kwa kipande cha waya kilichochomelewa na mkono wenye haraka. Pembeni pana alama ya moto.

Haijajaribiwa! Imejaribiwa, ikagoma, ikafunguliwa, ikapasuliwa, ikamshinda mganga, ikafungwa, ikatandikiwa kitambaa cheupe, ikapigwa picha. Hiyo ndiyo mashine iliyojaribiwa kuliko zote nilizonazo humu ndani.

Tuyachukue basi hayo matangazo kisingizio kimoja kimoja, maana nina hasira na nina muda.

"Sina waya." Waya ule wa namba nane unaingia kwenye Dreamcast, kwenye Saturn, kwenye PlayStation ya kwanza, kwenye PS2 ile nene, hata kwenye Xbox ya kwanza. Unatoka kwenye redio, kwenye printa, kwenye kifaa chochote kilichosahauliwa juu ya kabati. Kuupata ni kazi ya dakika tano. Nitawaachia wenye Mega Drive na NES, kwa shingo upande, kwa sababu hizo zina adapta zao na ukiichomeka Mega Drive kwenye adapta ya NES unaweza kuimaliza palepale. Muuzaji anayesema "sina adapta yake na naogopa kuiunguza" huyo ana adabu. Lakini mwenye PS2 nene akiniambia hana waya, ananiambia kitu kingine kabisa.

"Sina TV ya zamani." Hapa kidogo nawaelewa. Televisheni nyingi mpya hazina tena yale matundu ya njano, nyeupe na nyekundu. Sawa. Lakini huhitaji picha kujua kama taa ya PS2 inatoka kwenye nyekundu kwenda kwenye kijani, kama diski inazunguka, kama lenzi inahangaika kusoma au imenyamaza kama maiti. Masikio unayo. Andika ulichosikia.

"Sijui mambo ya gemu, nauza tu." Huyu ndiye anayenipandisha presha, kwa sababu kwenye kichwa cha tangazo lilelile ameandika SCPH-1001. Hakusema "PlayStation ya kijivu". Ameigeuza mashine, akasoma kibandiko, akajua kuwa toleo hilo la 1995 lina matundu ya sauti ya RCA nyuma yake, akajua kuwa kuna wapenzi wa muziki wanaolitafuta walitumie kupigia CD, akayaandika yote hayo kwa herufi kubwa, akapandisha bei. Kitu kimoja tu kimemshinda kukijua: kama inawaka. Ndugu yake ni yule mwenye Wii aliyekumbuka kutaja kuwa ni RVL-001, akafungua kifuniko cha juu na kupiga picha matundu manne ya pedi za GameCube, lakini hakupata nafasi ya kubonyeza kitufe cha kuwashia. Kiko mbele, mzee. 

Niseme wazi ninachoamini. "Haijajaribiwa" haikuelezi hali ya mashine. Ni bei. Ukiandika "mbovu", mteja anakupa pesa ya vipuri. Ukiandika "nzima", na isipowaka, mteja anakurudia. Basi kati ya hapo pamebuniwa mahali pazuri pa kukaa, ambapo unapokea bei inayokaribia ya nzima huku lawama zako zikiwa za mbovu. Kimeo kinapofika kwa mnunuzi na kulala palepale, muuzaji ana msahafu wake tayari: si nilikwambia haijajaribiwa? Hakudanganya neno hata moja, eti. Ameuza mbuzi kwenye gunia na juu ya gunia akaandika "gunia halijafunguliwa".

Mnajua nani aliyelipatia neno hili thamani? Sisi. Wakusanyaji. Kila mmoja wetu ana hadithi ya ile Saturn iliyouzwa haijajaribiwa, akaifikisha nyumbani, ikawaka kwa mara ya kwanza na ndani mna diski ambayo peke yake ina thamani mara tatu ya alicholipa. Tunaisimulia hiyo miaka kumi. Zile nyingine saba zilizogoma ziko kwenye droo, hatuzisimulii. Tunanunua neno lile kama mtu anayekata tiketi ya bahati nasibu, na muuzaji si mjinga, anaona kuwa matumaini yanauzika ghali kuliko mashine.

Halafu nyani haoni kundule. Miaka kadhaa nyuma niliuza Game Gear, konsoli ya mkononi ya Sega. Mnaijua Game Gear, zile kapasita zake zinavyovuja: kwanza sauti inakuwa ya mbu, halafu skrini inafifia mpaka unaiona kwa kuinamisha kichwa tu. Yangu ilikuwa imefika hatua ya kuinamisha kichwa. Nikaandika nini? "Haijajaribiwa, sina betri." Inatumia betri sita za kawaida, zile zile zilizokuwa kwenye rimoti na saa ya ukutani mita mbili kutoka nilipokaa nikiandika. Aliyenunua hakulalamika. Angelalamika ingekuwa nafuu. Alituma tu "asante mkuu" na mpaka leo sijui aliifanyaje. Kwa hiyo ninayoyasema hapa nayasema nikiwa na matope miguuni, na bado nayasema.

Kuna na wale wa daraja la juu. Mnakumbuka Julai 2021, nakala ya The Legend of Zelda ya NES iliyofungwa kiwandani iliuzwa mnadani kwa dola 870,000, na siku mbili baadaye Super Mario 64, nayo haijafunguliwa, ikapita dola milioni 1.5. Dunia nzima ikaandika juu ya "hali bora kabisa". Hali bora kulingana na nani? Hakuna aliyeziwasha! Zimefungiwa kwenye kasha la plastiki ngumu lenye alama ya daraja, na ukilifungua kujua kama zinafanya kazi umeua thamani yake. Ile Zelda ina betri ya sarafu ndani, iliyochomelewa kwenye ubao ili gemu ihifadhi maendeleo yako, na betri hiyo imekaa humo tangu miaka ya 80, haina ruhusa ya kubadilishwa wala kuulizwa hali. Mimi nalia na Dreamcast moja. Kumbe kuna watu wamenunua "haijajaribiwa" ghali kuliko zote duniani, na wakapewa cheti. Wabarikiwe. Sina ugomvi nao, hatununui kitu kimoja.

Sasa nikubali jambo ambalo sipendi kulikubali: wapo wanaoandika neno hili kwa ukweli. Na cha ajabu, hao unawajua kwa fujo. Picha imepigwa sakafuni, waya zimesukwa pamoja kama kiota, jina la mashine limekosewa. Mwaka jana dada mmoja alitangaza "Game Boy ya Sega na gemu zake". Ningekuwa natafuta mtu wa kubishana naye ningeanza hapo, maana Game Boy ni ya Nintendo. Nilipomuuliza kama inawaka akajibu, "Sijui kaka yangu, hata inapowashiwa sipaoni. Ni ya kaka, alihama, akasema nitupe vyote." Huyo hakuwa na kitambaa cheupe. Alikuwa na boksi la viatu.

Nikainunua kwa bei aliyotaja bila kushusha hata kidogo, nikaweka betri nne, nikapitisha pamba yenye spirti kwenye meno ya kaseti ya gemu. (Hatupulizi, jamani. Tumezungumza hili. Mate ni maji, na maji ni kutu.) Ilikuwa Pokémon Red. Nikawasha nikitegemea kukuta "New Game" peke yake, kwa sababu kaseti za umri huo nyingi betri zake zimeshakata roho na kumbukumbu imekwenda nazo. Haikuwa imekwenda. Saa 187 za kucheza. Beji zote nane. Na mbele ya kikosi kuna Venusaur, mmoja wa viumbe wa gemu hiyo, wa kiwango cha juu kabisa, 100, aliyepewa jina ambalo kwangu halikuwa na maana yoyote, herufi nne tu.

Sijui kwa nini nilipiga picha skrini na kumtumia yule dada. Sijui nilitegemea nini. Zilipita siku mbili kimya, nikaona nimejipendekeza bure. Ya tatu akajibu sentensi moja: "Hilo ni jina la paka wetu."

Nimenunua mamia ya kaseti na diski. Nimekuta majina ya watu yameandikwa kwa kalamu ya wino juu ya vibandiko, nimekuta memori kadi zilizojaa ligi za mpira za mtu nisiyemjua, aliyecheza misimu kumi na mbili na timu iliyoshuka daraja. Siku zote niliona ni uchafu wa kusafisha. Tangu paka yule, nimeshindwa. Kaseti ile betri yake itakufa mwaka huu au mwakani, na kuibadilisha maana yake ni kuyeyusha risasi iliyoishikilia, kuing'oa, na kila kitu kilichomo kufutika. Nimenunua kifaa cha kunakili kumbukumbu ya kaseti kwenye kompyuta, nimenakili mara mbili, nimejaribu kuirudisha kwenye kaseti nyingine na imekubali. Bado sijagusa betri yenyewe. Na sikumuuliza yule dada kama anaitaka irudi. Niliogopa atasema ndiyo.

Tazama basi tofauti. Huyu hakujaribu kwa sababu hakujua. Yule alijua, ndiyo maana akasema hakujaribu. Neno ni moja, na limechafuliwa na mmoja mpaka la mwingine halisomeki. Leo nikiona tangazo la boksi la viatu nalipita kwa wasiwasi uleule ninaopitia kitambaa cheupe, na sijui ni paka wangapi wametupwa jalalani kwa sababu yangu.

Mtaniambia ni vitu vya kuchezea, punguza jazba. Labda. Ila mwaka 2023 Video Game History Foundation, taasisi inayohifadhi historia ya gemu, walitoa utafiti ulioonyesha kuwa asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka Marekani kabla ya 2010 haziuzwi tena popote na wenye haki nazo. Mwaka huohuo, Machi, Nintendo walifunga duka la mtandaoni la 3DS na Wii U. Mwaka uliofuata, Julai, likafuata la Xbox 360. Mkataba wa "utainunua baadaye" haupo. Kwa gemu hizo nyingi, njia halali iliyobaki ni mtumba: mkono wa mtu mmoja kwenda mkono wa mwingine, na neno la anayeuza. Likioza hilo neno, hatuna kingine.

Malalamiko mengine nayapitia mbio. Kaseti feki za Game Boy Advance: kama kibandiko hakina ile namba ndogo iliyobonyezwa juu yake, omba picha ya ubao, na ukiona tone jeusi badala ya chip, kimbia. Plastiki ya SNES iliyogeuka njano si "rangi adimu", ni uzee na jua. Anayeuza Nintendo 64 na kusema kijiti cha pedi "kimelegea kidogo" apige video akikitikisa. Na wewe unayebandika stika ya bei juu ya kibandiko cha gemu chenyewe, wewe sina hata cha kukuambia.

Muuzaji wa Dreamcast, kwa wanaotaka kujua, nilimwandikia. Nilimtumia picha ya waya juu ya F1 na tundu la skrubu iliyopotea. Akajibu kwa heshima zote: "Pole bosi, si niliandika haijajaribiwa?" Nilicheka mpaka machozi, kweli.

Nimehangaika nayo usiku tatu. Nimetoa ule waya, nimeweka fyuzi inayostahili, bado pedi hazisomi. Ule moto umekula zaidi ya nilichokiona. Najua mtu mwenye mkono mwepesi kuliko wangu ataiweza, kwa hiyo jana nimeiweka sokoni, bei ya vipuri. Nimeandika hivi: "Dreamcast. Inawaka, feni nzima, diski inazunguka. Inakwama kwenye tarehe. Pedi hazisomi tundu lolote, zote nne. Aliyekuwa nayo kabla yangu aliruka F1, nimeondoa waya na kuweka fyuzi mpya, tatizo liko mbele zaidi. Skrubu moja haipo. Picha za ndani zimo. Betri ya saa imekufa." Sijawahi kuandika tangazo refu hivyo. Nikaweka hadi video, dakika mbili nzima, mimi nikibonyeza pedi na tarehe ikinitazama.

Ujumbe wa kwanza uliingia kabla sijafunga simu.

"Mkuu habari. Umeijaribu?"